Mjakazi wa Hekima

Katika watu wasomao, wako waogopao falsafa kwa ajili ya imani yao, na wako wadharauo imani kwa ajili ya falsafa yao. Mimi ni mwalimu wa lugha, na ugomvi huu naukuta ndani ya neno moja. Katika vyuo vya Ulaya ya kale ilisemwa kuwa falsafa ni mjakazi wa teolojia, elimu takatifu ya Mungu. Masikioni mwa watu wa pwani yetu, iliyojua soko la watumwa, neno hilo si jepesi. Mjakazi hana kauli: huagizwa akaenda, hukemewa akanyamaza. Je, hii ndiyo daraja ya akili?

Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alilitumia neno hilo kwa maana nyingine. Katika Summa Theologiae alichukua mfano wake katika kitabu cha Mithali, ambamo Hekima, akiisha kuandaa karamu, huwatuma wajakazi wake kuwaita watu. Basi mjakazi huyu hakufungiwa jikoni, amekabidhiwa mwaliko. Tena, asema Thomas, tunamhitaji kwa sababu ya udhaifu wa fahamu zetu, si kwa sababu ya upungufu wa elimu takatifu.

Heshima hiyo haikuwa maneno matupu. Aristotle alifundisha kuwa ulimwengu hauna mwanzo. Imani ya Kikristo yasema unao. Ilikuwa rahisi kumwamuru mjakazi atoe ushahidi wa kumpendeza bwana wake. Thomas alikataa. Alisema akili haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza, wala kuwa haukuanza; mwanzo wake hushikwa kwa imani tu, na aitetaye imani kwa hoja dhaifu huwapa wasioamini sababu ya kucheka.

Msimamo kama huu una gharama. Tarehe 7 Machi 1277, miaka mitatu kamili baada ya kifo chake, Étienne Tempier, Askofu wa Paris, alipiga marufuku hoja 219, na baadhi yake zilidhaniwa kugusa mafundisho ya Thomas. Mwaka 1323 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka 1325 marufuku ile ikabatilishwa kwa kadiri ilivyomgusa.

Nasi tuna fungu katika habari hii. Neno falsafa tulilipokea kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Wayunani. Thomas naye alimsoma Aristotle akiwa na maandishi ya Ibn Rushd, Mwislamu wa Córdoba, ambaye kwa heshima alimwita Mfafanuzi. Mwaliko wa Hekima ulipita milango mingi.

Shahidi aliyefundishwa la kusema hana uzito mbele ya hakimu. Imani imwachayo mjakazi wake aseme, "Hili siwezi kulithibitisha," haikupoteza kitu, imepata shahidi wa kuaminika siku atakaposema, "Hili naliona."