Usukani wa Baiskeli Katika Njia ya Kisumu na Busia

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Busia kwa baiskeli huanza kwa raha. Njia ni tambarare mpaka Kisian, na Ziwa liko upande wa kushoto. Kisha mlima huanza. Kisumu iko yapata mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Maseno, ulikopita mstari wa Ikweta, iko yapata mita 1,500. Mtu hushuka akasukuma, wala haoni ubaya wa chombo chake, maana katika kupanda baiskeli mbovu na nzima huenda mwendo mmoja. Ubaya huonekana wakati wa kurudi, mteremko ukiwa mbele, gunia likiwa nyuma, na uzito wote wa kifua ukiegemea mikono miwili. Hapo maisha ya mtu yamo katika kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja, yaani shingo ya usukani inayoingia ndani ya uma wa mbele.

Zamani jambo hili halikuwa na mashaka. Baiskeli nyeusi ziitwazo Black Mamba, zilizotoka kwanza Uingereza, na baadaye India na China, zilikuwa na usukani na shingo vilivyoungwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Ndizo walizotumia watu wa Busia katika miaka ya 1960 walipoanza kubeba abiria na mizigo kati ya ofisi ya mpaka wa Kenya na ile ya Uganda, hata likazaliwa neno boda boda. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na abiria wengi wakahama. Lakini mkulima mwenye maziwa, mwanafunzi na mchuuzi wa mkate bado wanapiga pedali.

Siku hizi soko limechanganyika. Baiskeli zilizokwisha kutumika huletwa kutoka Japani na Ulaya, hufunguliwa, na vipande vyake huuzwa kimoja kimoja. Katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, ambalo hufurika watu siku ya Jumapili, nilimwona kijana mmoja amemletea fundi Black Mamba ambayo usukani wake ulikuwa umeliwa na kutu. Mkononi alishika usukani mpana, unaong'aa, wa baiskeli ya milimani.

Fundi aliutazama, akasema, "Bwana mdogo, usukani huu ni mzuri. Lakini breki utazifunga wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Watu wengi hawafikiri kwamba katika Black Mamba mikono ya breki, pamoja na fito zake za chuma, hushikwa na usukani wenyewe. Ukiuondoa, umeondoa breki zote mbili. Mwenye kubadili hana budi kununua na breki za waya, na kuhakikisha kwamba zinaweza kufungwa kwenye uma na kufika kwenye rimu yake. Kama hawezi, na atafute usukani wa namna ile ile ya zamani, hata ukiwa na madoa.

Baada ya breki huja vipimo, na hapa ndipo mafundi wazuri hutengana na wababaishaji. Shingo ya baiskeli nyingi za kawaida ina upana wa milimita 22.2, yaani saba ya nane ya inchi. Shingo za baadhi ya baiskeli ndogo za watoto ni milimita 21.1. Tofauti ni kama milimita moja tu, na shingo nyembamba itaingia katika uma mkubwa bila taabu. Ukikaza bolti kwa nguvu kabari iliyo ndani itatanuka na kushika. Itashika sokoni. Barabarani, gurudumu likipiga shimo, usukani utageuka nalo gurudumu lisigeuke. Kuna na shingo nene zaidi, ambazo wengine huzipunguza kwa tupa ili ziingie. Hiyo si kazi ya ufundi. Na zile shingo za kisasa zinazobana uma kwa nje, zisizo na kabari, hazina mahali katika uma wa kale.

Pale shingo inapoushika usukani pana kipimo kingine. Sukani nyingi za kawaida ni milimita 25.4, za baiskeli za mashindano za Kitaliano ni 26.0, zile nene za kisasa ni 31.8. Asiye na chombo cha kupimia azungushe ukanda wa karatasi mahali panapobanwa, atie alama, kisha apime urefu wake kwa rula. Ukiwa karibu milimita 80, usukani ni wa 25.4, ukikaribia 82, ni wa 26.0. Kulazimisha usukani mnene kwa kupanua shingo kwa bisibisi ni kuipasua. Usukani mwembamba katika shingo ya 26.0 waweza kutiwa bati la unene wa milimita 0.3, mzunguko mmoja, upana sawa na shingo. Wengine hukunja kopo la soda, ambalo ni jembamba mno, nao hurudia kunja mara tatu. Mimi napenda bati moja. Baada ya kukaza, ule ufa wa shingo lazima ubaki wazi kidogo. Ukifunga kabisa, bolti inabana shingo yenyewe wala haibani usukani.

Usukani wa alumini uliokwisha kupindika usinyoshwe. Chuma cha pua mara nyingi hupinda kwanza kikakuonya. Alumini yenye mkwaruzo mzito mahali pa kubanwa hukatika ghafula.

Fundi wa Kibuye alipaka shingo grisi ili isije ikagandamana na uma, akaiteremsha mpaka ile alama ya kina iliyochorwa kiwandani ikafichika. Pasipo na alama, urefu ulio ndani ya uma usipungue mara mbili na nusu ya upana wa shingo: kwa shingo ya 22.2, ni kama milimita 56. Kijana alitaka usukani uinuliwe juu zaidi ili asiiname. Fundi alikataa katakata, na mteja mwingine, mzee mwenye madebe ya maziwa, akamwunga mkono kwa sauti kubwa.

Juu ya mlima wa Maseno, kabla ya mteremko wa Kisian, yafaa kusimama. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, ukajaribu kuugeuza usukani kwa mikono miwili; kisha uukandamize chini kwa uzito wako. Usipocheza, vuta breki zote mbili, uone kama baiskeli yasimama na mzigo wake. Kazi yenyewe haizidi dakika mbili, na spana moja tu yatosha kwa bolti ya shingo.