Si Kila Uvimbe ni Saratani

Hamdu zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu mwili, akampa na akili ya kuutazamia.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, tuliona katika kigasha cha mkono wetu wa kushoto kitu kigumu mfano wa kokwa ya tende. Hatukukijali. Ilipofika Idi kilikuwa sawa na popoo, na kikiguswa huuma. Katika kupeana mikono ya Idi kila mtu alitoa hukumu yake. Mmoja alisema ni jipu, mwengine akasema ni husuda, na mzee mmoja tumheshimuye alitunasihi tukipasue kwa wembe. Usiku mama watoto alituambia: "Bwana, usiwasikilize hawa. Kitu hiki chakua upesi, nenda kamwonyeshe daktari."

Tulikwenda. Daktari alikitazama, akasema neno lililotukausha mate: uvimbe ukuao kwa haraka namna ile huenda ukawa saratani ya nyama, na pengine mkono usisalimike. Mkono huo ndio tumbebeao mwanetu mchanga. Lakini akaongeza: "Sihukumu kwa jicho. Nitakata kipande kitazamwe kwa hadubini." Aliyekitazama mara ya kwanza aliingiwa na shaka, nacho kikapelekwa kwa bingwa mwengine wa ilimu hiyo. Tulingoja siku kumi na mbili. Katika siku hizo tuliandika wasia wetu, na madeni yetu yote tukayataja.

Jawabu lilipokuja, haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe adimu usio na shari, uotao katika utando ufunikao misuli, ambao matabibu huuita fasiaitisi ya nodula. Habari zake ziliandikwa mwaka 1955 na matabibu watatu wa Marekani, Konwaler, Keasbey na Kaplan, waliokusanya wagonjwa wanane. Hushika zaidi watu wa makamo na vijana, na mahali pake sana ni kigasha. Hukua kwa wiki chache tu, na aghalabu haupiti sentimita tatu. Ukitazamwa kwa hadubini, chembe zake huonekana zikigawanyika kwa wingi, na hapo ndipo hata mjuzi huweza kudhani ni saratani. Ila chembe hizo zina umbo la kawaida, wala hazisafiri kwenda viungo vyengine.

Mwaka 2011 wataalamu wa Mayo Clinic, huko Marekani, walionyesha kwamba katika uvimbe huu jeni iitwayo USP6 huungana na jeni nyengine, mara nyingi MYH9. Tangu hapo, penye shaka, kipande hicho huweza kupimwa kwa alama hiyo. Dawa yake ni kuukata kwa upasuaji mdogo, na mara nyingine hunywea wenyewe. Wetu ulinywea. Baada ya miezi miwili halikubaki ila kovu dogo.

Enyi ndugu zetu, na khasa nyinyi vijana, lau tungalimtii mwenye wembe, tungalipata kidonda tusijue tulichokikata. Na lau daktari angalihukumu kwa haraka, huenda leo tungalikuwa na mkono mmoja. Yote mawili ni kunena pasipo ilimu, na dini yetu yatukataza hayo.

Wala asiseme mtu, "Wa fulani ulinywea, nami nitangoja." Uvimbe wa saratani nao huanza mdogo, na pengine hauumi kabisa. Kwa hiyo kila uvimbe mpya ukuao na uonyeshwe kwa daktari. Kikikatwa kitu mwilini, kisitupwe, kipelekwe kupimwa. Na kabla ya kukubali kukatwa kiungo, si adabu mbaya kuomba jicho la pili. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kupima kwanza ni sehemu ya tiba.

Wabillahi taufiki.