Chakula cha Mchana, Jinja na Mbale

Hoteli ile ya Jinja imejengwa kando ya mto Nile, si mbali na yalipokuwa maporomoko ya Ripon, yaliyozama kwa sababu ya bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa bei moja, tena si ndogo, mgeni hujipakulia atakacho: sangara, kuku, wali, matoke, saladi za kila rangi. Mke wangu aliizunguka meza mara mbili, akarudi na kipande kimoja cha samaki. Nilidhani anaona haya mbele ya watu. Kumbe alikuwa akitafuta malewa. Yeye ni Mgisu, na tangu tuoane tumehamishwa kambi nne, zote mbali na kwao.

Kesho yake tulipita Iganga, tukavuka vinamasi vya mto Mpologoma, tukapita Tirinyi, hata tukauona mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlima huo. Hukaushwa kwa moshi, huchemshwa kwa magadi, kisha huungwa kwa karanga au ufuta. Katika hoteli ya Mbale tuliyakuta mwisho wa meza, nyuma ya viazi vya kukaanga, katika kibakuli kisicho na jina.

"Hayo huliwa na wenyeji," mtumishi alisema, kana kwamba anatuomba radhi.

"Mwenyeji ndiye mimi," mke wangu alijibu. Akaonja, akasema magadi yamepungua, lakini karanga zimesagwa vema. Kisha, ingawa pale kila mtu hujipakulia, alitwaa sahani yangu akanipakulia yeye.