Kabla ya Kuirekebisha Picha

Waarabu waliiita Pemba al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na aliyepita kwenye mikarafuu kati ya Wete na Chake Chake haulizi sababu. Kijani hicho kikionekana kama majivu kwenye kompyuta, unajua kuna kasoro. Lakini kasoro iko wapi?

Swali hilo lilitukuta katika picha za Kipaimara. Wakristo hapa ni wachache, na wengi wana ndugu Bara. Picha zilikuwa ziende kusafishwa studio, kisha zitumwe kwa mabibi na mababu wasioweza kuvuka bahari. Kwenye kompyuta mpakato, kasula nyekundu ilikuwa ya waridi na nyuso za watoto zimepauka. Katekista alikwisha kufungua programu ya kuongeza rangi.

“Mwalimu,” nikamwambia, “tuitazame kwanza kwenye simu.”

“Simu ndogo hivi itatuambia nini, Frateri?”

Kwenye simu kasula ilikuwa nyekundu kabisa. Picha ilikuwa salama. Kilichopauka ni kioo cha kompyuta. Tungeongeza rangi, studio ingetutolea watoto wenye nyuso za moto.

Tukaanza na mambo mepesi. Tulikiinua kioo tukitazame moja kwa moja, maana vioo vya bei nafuu hupauka ukivitazama kwa pembeni. Hakuna kilichobadilika. Tukakagua mipangilio ya skrini: mwanga wa usiku ulikuwa umezimwa, na wasifu wa rangi ulikuwa wa kioo kilekile. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Uliporudi, tukachomeka chaja, na wekundu ukarudi pale pale.

Sababu ni hii: kompyuta nyingi zikitumia betri hupunguza taa iliyo nyuma ya kioo, kisha huing’arisha picha yenyewe ili kufidia. Betri hudumu zaidi, lakini rangi hufifia. Tukaingia kwenye programu ya kadi ya picha, tukazima mpangilio huo wa kuokoa betri. Picha zenyewe hatukuzigusa.

Ndugu msomaji, sisi tulio katika malezi hutumwa parokia ndogo kama hizi. Tunaona viti vitupu na kwaya ya watu sita, na haraka tunasema imani imepoa, tuirekebishe. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyechoka, asiyesali vizuri, naye hutazama kwa taa iliyopunguzwa. Kabla hatujaongeza rangi kwa waamini wa Mungu, tumwombe mwenzetu mwenye macho mengine atuambie anaona nini. Kisha twende tukachaji: sala, usingizi na Ekaristi.