Raha Si Anasa: Hesabu ya Barakoa ya Usingizi

Katika nchi ambayo mgonjwa huhesabiwa kuwa ametibiwa pindi anapokabidhiwa dawa au kifaa, neno "raha" halina kiti katika mjadala wa afya. Likitajwa, hutafsiriwa kuwa ni anasa. Arusha ni mji wa Azimio la mwaka 1967, na sisi tuliokulia katika kivuli chake bado tunaona haya kusema hadharani kwamba tunataka kitu fulani kwa sababu kinatupa raha. Miezi hii nimelazimika kulitazama upya neno hilo, kwa kuwa ilinibidi niamue nitoe shilingi ngapi kwa kipande cha silikoni cha kuvaa usoni ninapolala.

Ugonjwa wenyewe ni wa kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo hushtuka ili mtu avute hewa, na mzunguko huanza tena. Madaktari huhesabu vipindi hivyo kwa kila saa ya usingizi: kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ni ya wastani, 30 na zaidi ni kali. Mimi nilikuwa na 34. Huku kwetu anayekoroma huchekwa, au hata kuonewa wivu kwamba analala fofofo. Na anayezinduka akitweta huambiwa amekabwa na jinamizi, akapelekwa kuombewa. Sisemi asiombewe. Nasema apimwe pia.

Tiba iliyozoeleka ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo kupitia mrija hadi puani ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliianzisha mwaka 1980, na mwaka uliofuata akachapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa watano. Barakoa za siku hizo zilifinyangwa kufuata pua ya kila mgonjwa na kubandikwa kwa gundi ya silikoni usiku baada ya usiku. Zaidi ya miaka 40 imepita, mashine zimekuwa ndogo na kimya, lakini sehemu inayoamua kama mgonjwa atatibiwa au hatatibiwa ni ileile inayogusa ngozi.

Nilioneshwa barakoa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, shilingi 90,000, silikoni yake imeshaanza kuwa njano. Ya pili, mpya, ilikuwa ya kufunika pua na mdomo, 240,000, na muuzaji alikuwa na saizi ya kati peke yake, kana kwamba pua za watu wote hutoka katika kiwanda kimoja. Ya tatu ilikuwa nyepesi, yenye mto mdogo unaokaa chini ya pua na mrija unaopita utosini, ikija na mito ya saizi tatu: 460,000. Kwa mtumishi wa umma anayelipwa kima cha chini, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, huo ni takriban mshahara wa mwezi mzima. Nyumbani kwangu fedha hiyo ilikuwa na jina tayari. Ilikuwa ya kumalizia paa la jiko. Mke wangu ndiye aliyeibadilisha jina. "Baba watoto," alisema, "wewe unalala. Mimi ndiye ninayekaa macho kusubiri kama utavuta tena."

Ya mtumba niliiacha. Hizo nyingine mbili, daktari wangu aliniazima za majaribio, usiku sita kila moja. Mashine huandika yenyewe saa za matumizi, haidanganywi. Ile ya 240,000 niliivaa wastani wa saa 2. Ilivuja hewa machoni, ikanikwaruza mfupa wa pua, na nikawa naivua nikiwa nusu usingizini. Ile ya 460,000 ilifika saa 7. Tukichukua kwamba kila moja itadumu mwaka mmoja, ya bei nafuu inanigharimu kama shilingi 658 kwa usiku, yaani 329 kwa kila saa ya tiba. Ya bei ghali ni 1,260 kwa usiku, yaani 180 kwa saa. Ile "nafuu" ni ghali karibu mara mbili. Na hapo sijaweka thamani ya zile saa tano ambazo koo lingekuwa linaziba kama kawaida.

Hata hivyo bei kubwa si ushahidi wa raha. Zipo barakoa ghali kwa sababu ya vifungo vya sumaku, na watengenezaji wakubwa wenyewe wametoa onyo kwamba sumaku hizo zinaweza kuvuruga vifaa kama betri ya moyo. Tena mto wa silikoni huchakaa kabla ya fremu. Kwa hiyo niliuliza bei ya mto wa akiba kwanza, na ya barakoa baadaye. Na baadhi ya raha hainunuliwi dukani. Juni na Julai, baridi ya miteremko ya Meru hugeuza unyevu wa hewa kuwa matone ndani ya mrija, ukaamka umemwagiwa maji puani. Fundi cherehani alinishonea soksi ya mrija kwa kipande cha blanketi kuukuu, kwa shilingi 5,000. Katika kifaa cha kulainisha hewa natumia maji yaliyotoneshwa, kwani maji yetu ya Meru, yenye madini ya floraidi yaliyotuachia meno ya kahawia, si ya kuachwa yakauke humo kila usiku.

Jirani yangu, dereva wa watalii, alipewa mashine na mgeni wake kutoka Marekani. Aliivaa siku nne. "Mwalimu, kitu hiki kinanikaba kuliko huo ugonjwa," aliniambia. Mashine ikaenda juu ya kabati. Nilimshauri kwanza aangalie aina na mwaka wake, maana Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuondoa mamilioni ya mashine ambazo sponji yake ya ndani ingeweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Yake haikuwamo. Kilichokuwa kibovu ni barakoa tu: ndogo kwa uso wake. Mtu huyu huondoka saa 11 alfajiri kuelekea Ngorongoro akiwa na roho sita garini. Mwaka 2023 tuliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na mijadala yetu ya ajali hutaja mwendo, pombe na matairi. Usingizi huishia kwenye ushauri wa kunywa kahawa.

Bima ninayoichangia ilinijibu kwa barua kwamba haigharamii "vifaa vya kuongeza starehe". Huko Marekani, bima ya umma ya wazee, Medicare, hutaka mgonjwa avae mashine angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku ndani ya kipindi cha siku 30, ndipo iendelee kuigharamia. Ni sharti kali, na lina kasoro zake, ila linapima kinachostahili kupimwa. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka 2023, na wapo miongoni mwa wasomaji wa safu hii watumishi wanaokaa katika vikao vya kupanga vitita vya mafao. Kwao nina ombi dogo: mgonjwa apewe fursa ya kujaribu saizi kadhaa, na malipo yafuate saa zilizoandikwa na mashine. Kulipia mashine na kukataa barakoa inayovalika ni kulipia pambo la kabati.

Nilinunua ile ya 460,000 na mto mmoja wa akiba. Jiko litasubiri masika yapite. Jirani yangu alikwenda kwa daktari yuleyule Jumamosi iliyopita, akajaribu saizi pana. Sasa ananiuliza kama muuzaji hupokea malipo kwa awamu, kwa sababu msimu wa watalii unaanza Juni na angependa awe ameshaizoea.