Safari Yetu ya Idjwi: Vilima, Maji na Majile



Juma lililopita tuliwaahidi habari za safari yetu. Tumerudi salama wote 23, mizigo imejaa mananasi, na sauti zimekauka kwa kuimba. Sasa tuwaeleze.

Sisi wa Bukavu tunaishi na Ziwa Kivu kama mtu anavyoishi na jirani wa ukuta mmoja. Tunalisikia, tunafua kwake, tunakula sambaza wake, lakini hatuendi kumsalimia. Mkutanoni tuliuliza: nani amewahi kupanda boti kwa ajili ya kutazama tu, bila mfuko wa mihogo wala ndizi za kuuza? Hakuna mkono ulioinuka. Ndipo tulipokata shauri kwenda Idjwi siku mbili. Kwa miezi minne kila mmoja alitoa kidogo kila juma, mbali na pesa za MUSO, ili tusiguse kasha ya kijani wala ile nyekundu ya misiba na magonjwa.

Mama mmoja tu alikataa. Yeye aliolewa kule Idjwi. Bwana wake alikuwa akivusha kahawa usiku kwa mtumbwi kwenda upande wa Rwanda, na usiku mmoja hakurudi. Mama huyo akachukua watoto wake watatu akaja Bukavu, na tangu siku hiyo, ni miaka 11 sasa, hakukanyaga boti tena. Alituambia: "Pesa nitatoa kama wengine, lakini mimi nitabaki kuwaombea." Hatukumlazimisha. Siku ya Alhamisi jioni akamtuma binti yake aje kuuliza tutaondoka saa ngapi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa bandarini. Boti ya kwanza ilikuwa tayari, motere inanguruma, watu na mifuko wamejaa. Tukauliza majile. Yalikuwa matano. Mwenye boti akacheka: "Wamama, hamuoni ziwa limelala? Mungu yupo." Mama mzee wetu akamjibu: "Mungu yupo, baba, tunajua. Jile ndilo tunalotafuta." Tukashuka wote.

Tusifiche: wengine wetu walinung'unika. Baridi ilikuwepo, watoto wawili wa mgongoni walilia, na boti ile iliondoka ikafika salama. Lakini tulikumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuja kupokea ndugu zao waliona kwa macho. Wengi kwenye boti za namna ile ni wamama wa biashara kama sisi. Tukangoja hadi saa tatu, ikaja boti nyingine yenye majile ya kututosha. Mama yetu yule alifunga lake kamba mara mbili, akakaa katikati, akafumba macho.

Tulipotoka kwenye ghuba ya mji, maneno yalituisha. Kushoto kuna vilima vya Kabare, na nyuma yake mlima Kahuzi umejifunika wingu kama mama aliyejitwika kikwembe. Kuume ni vilima vya Rwanda, mashamba yamekatwa ngazi ngazi hadi juu. Maji yenyewe hubadilika rangi: karibu na pwani ni kijani, mbele yanakuwa bluu nzito hata unaogopa kuyatazama. Wana sababu wanaoogopa. Ziwa letu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 400. Chini kabisa kumefungwa gesi. Upande wa Rwanda wanaitoa methani na kuifanya umeme. Na maji yanayotoka hapa hupita mto Ruzizi, pale pale Bukavu, yakateremka hadi Ziwa Tanganyika. Mmoja wetu, mwenyeji wa Uvira, alifurahi sana: "Basi nyinyi mnafua, sisi tunapokea sabuni!"

Idjwi si kisiwa kidogo. Katika maziwa yote ya Afrika ni cha pili kwa ukubwa, baada ya Ukerewe ya Tanzania. Sehemu ya kusini inaitwa Ntambuka, ya kaskazini Rubenga. Wenyeji wengi ni Bahavu, na wapo pia Bambuti, ambao hali yao ya mashamba ni ngumu zaidi. Tulishuka upande wa kusini. Jambo la kwanza tulilolisikia ni kimya: magari ni machache mno, mtu hutembea kwa miguu ama kwa pikipiki. Njia inapanda katikati ya migomba, inashuka kwenye mihogo, inapanda tena kwenye mananasi, na kila ukifika juu ya kilima unaona ziwa upande mwingine, kana kwamba linakufuata. Kaskazini kuna mlima Nyamusisi, unaopita mita 2,000, wenye msitu uliosalia. Mahali pengine vilima viko uchi, na udongo mwekundu unateremka ziwani mvua ikinyesha. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, kuni zinatafutwa kila siku. Uzuri haujazi chungu.

Wamama wa kikundi kimoja cha kahawa walitupokea kwa bugali, sombe na sambaza. Wengi wao ni wajane, na habari zao zilikuwa za namna moja. Zamani bei ya kahawa huku ilikuwa chini na mahali pa kuioshea hapakuwepo. Ng'ambo walilipa vizuri zaidi. Kwa hiyo wanaume walijaza mitumbwi, wakavuka usiku ili wasikamatwe, wakirudi na sabuni, nguo na chumvi. Upepo ukiinuka, mtumbwi mzito haungeweza kupanda wimbi. Mjane mmoja alituambia: "Tulikunywa chai yenye sukari ya kahawa ile. Halafu tukalia." Leo wanavuna pamoja, wanachagua tunda jekundu peke yake, wanaliosha, wanalianika juu ya meza za waya na kuuza kwa jina lao, mchana, bila kujificha. Pesa si nyingi, lakini hakuna anayekesha pwani akingoja mtumbwi.

Mama yetu alisikiliza yote bila kusema neno. Kisha akasimama, akatuomba wawili tumsindikize. Tulipanda kilima, tukateremka kingine, hadi kwenye nyumba ya udongo yenye migomba mbele. Bibi kizee alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharagi. Alikuwa mama mkwe wake.

Njiani mama yetu alikuwa ametueleza hofu yake. Aliondoka bila kuaga vizuri, kwa sababu ndugu wa bwana walianza kusemea shamba mara tu baada ya matanga. Hakujua atapokelewaje. Alipiga magoti mbali kidogo, akasema: "Mama, ni mimi." Bibi alimtazama muda mrefu. Akasema: "Nilidhani maji yaliwachukua wote." Halafu akaweka ungo chini, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Sisi wawili tuligeuka kutazama ziwa, maana machozi ya watu wengine si ya kutazamwa.

Baadaye bibi alituongoza nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mistari minne ya kahawa, imepaliliwa safi, na mpaka wake umepandwa mimea. "Hii ni sehemu ya mwanangu," alisema. "Walitaka kuigawa. Nikawaambia, mwenye shamba ana watoto, na watoto hao wana miguu, siku moja watakuja." Miaka 11 bibi huyo aliulinda mpaka ule kwa mdomo wake peke yake. Wamama, tukumbuke hapa: hata sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawahesabu watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Mjane anayefukuzwa shambani pamoja na yatima wake asikae kimya. Aje kikundini, twende naye kwa wakuu.

Usiku tulilala kwa wenyeji. Kabla ya kulala tulikaa juu ya kilima tukatazama chini. Ziwa lilikuwa na taa nyingi kama mji: ni wavuvi wa sambaza, wanaounganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanawasha taa, na samaki wanafuata mwanga. Sambaza hawa si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga ya maskini na tajiri. Upepo ulileta nyimbo za wapiga kasia hadi tulipokaa. Mama yetu hakuwepo. Alilala kwa mama mkwe wake.

Jumapili tulisali mapema, tukaondoka asubuhi, kwa maana mchana upepo huinuka. Kwenye boti mama yetu alikaa pembeni safari hii, jile limefungwa, macho wazi. Tulipofika katikati alisema kwa sauti ndogo: "Vakansi ikifika nitawaleta watoto wamuone bibi yao."

Kwa vikundi vitakavyotaka kwenda, haya ndiyo tuliyojifunza:

Ondokeni asubuhi, na mrudi asubuhi. Kama mawingu ni mazito, ahirisheni, kisiwa hakihami.

Hesabuni majile kabla ya kulipa. La mtoto liwe la mtoto, lisiwe la mtu mzima linalomtoka kichwani. Mtoto wa mgongoni afunguliwe, abebwe mbele.

Kama boti imejaa, shukeni pamoja. Mama mmoja akishuka, wanamcheka. Wamama 23 wakishuka, mwenye boti anafikiri.

Bebeni triko, viatu vya kupandia vilima, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Nunueni mananasi na kahawa kwa wamama wenyewe, na msipunguze bei hadi waumie.

Neno la mwisho ni la mkutano wa Jumatano ijayo. Tunapendekeza chama chetu kinunue majile yake, kidogo kidogo, na kuyaweka kwa katibu. Mama yeyote anayevuka kwa biashara ataazima moja na kulirudisha. Jile la kwanza limekwisha kulipwa: mama yetu alilipa mwenyewe, kwa pesa ya kahawa ambayo mama mkwe wake alimfungia kwenye ncha ya kikwembe.

Tunawangoja Jumatano. Mubaki na amani.