Walikale: inchi pana, watu wachache, njia ndefu



Juma hili tunatembelea Walikale. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya madini na vita tu. Lakini tukiulizwa teritware hiyo ina ukubwa gani, na watu wake wanaishi wapi, tunanyamaza. Basi tuanze na hesabu kidogo, maana hesabu hizo zinaeleza kwa nini mama wa kule anapata taabu ambazo mama wa mjini hazijui.

Jimbo la Kivu ya Kaskazini lina kilomita za mraba karibu 59,500. Walikale peke yake inachukua zaidi ya 23,000. Ni kusema, ukikata jimbo mafungu matano, karibu mawili ni Walikale. Masisi, jirani yake, ingeingia ndani yake karibu mara tano. Rwanda nzima inaipita Walikale kidogo tu kwa ukubwa, na mwaka 2022 Rwanda ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Walikale ina sehemu ndogo sana ya watu hao. Huko Masisi mashamba yamebanana juu ya vilima, na majirani wanagombana kwa ajili ya hatua mbili za udongo. Walikale unaweza kutembea saa nyingi bila kuona moshi wa jiko.

Kwa nini watu ni wachache hivi? Jibu la kwanza ni inchi yenyewe. Upande wa mashariki kuna milima mirefu na baridi. Ukiteremka kwenda magharibi, joto linaongezeka na pori kubwa linaanza, lile linaloendelea mpaka Kisangani na mbele zaidi. Mvua haikauki. Mito inashuka kuelekea mto Lowa, na Lowa inapeleka maji yake Lualaba. Kila mto unadai kilalo, na kilalo cha miti kinaoza upesi mahali penye mvua nyingi. Kilalo kimoja kikivunjika, vijiji vyote vya ng'ambo vinabaki peke yao.

Jibu la pili ni namna ya kulima. Udongo wa pori unachoka haraka. Mama analima mihogo, mpunga au ndizi mahali pamoja kwa muda, kisha anaacha miti irudi na shamba lipumzike miaka kadhaa. Kwa hiyo jamaa moja inahitaji mahali pengi kuliko jamaa ya mlimani. Mgeni akipita anasema, “Hapa ni patupu.” Kumbe pale ni shamba lililolala. Pengine ni mahali pa uyoga, pa viwavi, pa majani ya dawa au pa kutega samaki. Pori la Walikale lina wenyewe: Wanyanga, Bakano, Bakumu na Wambuti, ambao wanaijua kila njia yake. Sekta zake mbili zinaitwa kwa majina ya watu hao: Wanyanga na Bakano.

Tena kuna sehemu ambazo haziruhusiwi kujengwa. Park ya Maiko na Park ya Kahuzi-Biega, zote zilizoanzishwa mwaka 1970, zinaingia ndani ya Walikale. Humo wanaishi gorila wa mashariki, na huko Maiko kuna pia okapi na tausi wa Kongo, wanyama ambao katika dunia nzima hawapatikani porini isipokuwa kwetu.

Sasa, watu wako wapi? Wengi wako kando ya barabara. Wakati wa Wabelgiji, serikali ilisukuma vijiji vitoke ndani ya pori vikae njiani, ili kodi na kazi za barabara ziwe rahisi kusimamia. Mpaka leo vijiji vimejipanga kama shanga kwenye uzi. Uzi mmoja unatoka Bukavu, unapita Hombo, Musenge na Itebero. Mwingine unatoka Goma, unapita Sake, Masisi na Kibua. Kutoka Walikale-Centre njia inaendelea Mubi, kisha Lubutu, mpaka Kisangani. Uzi ukikatika, kwa matope au kwa bunduki, shanga zinatawanyika.

Hapo ndipo tunapokuja kwa mama. Mahali penye watu wengi, kituo cha afya kimoja kinahudumia maelfu ya watu wanaofika kwa mguu. Mahali penye watu wachache, watu walewale wametawanyika kilomita makumi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwenye kipoyi na vijana wanaopokezana, au anakaa nyuma ya motari kwenye njia yenye mashimo. Dawa inafika ikiwa ghali kwa sababu imelipiwa safari ndefu, na mfuko wa chumvi vilevile. Mwalimu anakataa kwenda, na msichana akimaliza shule ya msingi, shule ya sekondari iko mbali na nyumbani.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwisho wa mwezi wa saba 2010, huko Luvungi na vijiji vya karibu, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, watu wenye silaha waliwabaka mamia ya wanawake, pia wanaume na watoto, kwa muda wa siku chache. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa kwenye barabara hiyo hiyo, kilomita 30 hivi. Vijiji havikuwa na mtandao wa simu, na habari ilichelewa kutoka. Wamama wale walipiga kelele, lakini kijiji cha karibu cha kuwasikia kilikuwa mbali. Upweke wa mahali ni hatari kama silaha.

Tena watu wachache hawakai wachache siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasiterite ilionekana Bisie, katikati ya pori. Maelfu ya watu wakamiminika. Mifuko ya mawe ilibebwa mgongoni mwendo wa siku moja hata mbili mpaka Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo ili kuichukua. Mji ukaota porini kabla ya materniti kuota. Mahali pa namna hiyo wanawake wanauza chakula, wanabeba mizigo na wanazaa, lakini ramani bado inaonyesha miti tu.

Hebu tuulize: Walikale ina watu wangapi hasa? Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu wakati huo vijiji vimekimbia, vimerudi, vimekimbia tena. Mwezi wa tatu 2025 vita vilifika mpaka Walikale-Centre. Watoto wa 1984 leo ni wazee wa jamaa. Kila hesabu tunayosikia sasa ni ya kukadiria. Na mahali ambapo watu wanakadiriwa, vitanda vya materniti, chanjo na walimu vinakadiriwa pia. Anayeonekana mchache anapewa kichache.

Hatuwezi sisi kutengeneza barabara ya Walikale. Lakini kuna hesabu moja iliyo mikononi mwetu. Sheria ya Kongo inasema mtoto aandikishwe kwenye biro ya eta-sivili ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na ndani ya siku hizo ni bure. Mtoto asiyeandikishwa, mbele ya serikali ni kama pori tupu: yuko, lakini haonekani. Zikipita siku hizo, njia inakuwa ya mahakama, nayo ni ndefu.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili juma hili. Kwanza, hesabuni watoto wachanga wa wamama wenu, muone nani hajaandikishwa, na msindikize mama mwenye biro ya mbali. Akienda na wenzake hatakatishwa tamaa. Pili, katikati yetu wako wamama waliokimbia kutoka Walikale, Pinga au Kibua. Wapeni nafasi ya kusema kwenye mkutano: walitembea siku ngapi, waliacha shamba gani, walizaa wapi. Wao ndio ramani tuliyo nayo ya inchi ile pana.

Tuonane juma lijalo. Mungu awalinde.